Siku Padri Kalumu Alipogeuka Mamluki

Kwa heshima zote zinazostahili majeruhi, natamka kwamba ufukwe ule ulikuwa na amani kabisa hadi mimi nilipofungua mdomo.

Ilikuwa mwaka wa 1973. Padri Kalumu, mwalimu wetu wa hesabu katika internat, shule yetu ya bweni, ya Bukavu, alitupeleka Emile na mimi kwa mtumbwi hadi kisiwa kidogo ziwani. Alipenda mchanga wake mweupe. Ulimkumbusha kisiwa alikozaliwa, kaskazini mwa Ulaya, ambako watu husema Kigaeli na unaweza kutembea ufukweni asubuhi nzima usikute nyayo ila zako. Kanzu aliiacha Bukavu. Akaingia majini na kaptula yake, akalisalimu ziwa kwa Kigaeli, kwa sauti ya misa kuu.

Sajini mmoja akatoka migombani na askari wawili.

"Huyu muzungu iko nasema nini? Hii si Kifaransa."

Mamluki weupe walikuwa wameiteka Bukavu miaka sita tu nyuma. Sajini alikuwa na kovu lao shavuni, nami sikulitazama.

"Papa Sajini," nikajibu kwa uso wa maziko, "iko nahesabia wenzake bunduki zenu."

Emile alicheka. Sajini hakucheka. Kitako cha bunduki kilimvunja padri taya. Akaanguka, akalia kwa lugha ya mama yake, wakampiga tena kwa sababu ya lugha hiyo. Mchanga ukalowa damu. Askari mmoja akakoki bunduki.

"Ni padri wetu!" nikapiga kelele. "Nilisema bongo, papa, uongo tu, nilikuwa nacheza!"

"Bongo ulisema saa gani, mutoto? Pale ao sasa?"

Internat haijawahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

Sajini akavua mkanda. "Fimbo vingt, ishirini. Ukisema 'basi' mbele ziishe, huyu iko mamluki, tunamumaliza."

Alitumia upande wa chuma, mgongoni mwangu. Pigo la tatu lilipasua ngozi. La tisa niling'ata ulimi, nikameza damu. Emile, aliyeamriwa kuhesabu, wa kwanza darasani kwa hesabu, alipotea kwenye kumi na moja kwa kilio. Sajini akaanza upya kutoka moja.

Alipomaliza nilikuwa sijatamka neno.

"Kumbe padri kweli," akasema, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. "Muende."

Emile alipiga kasia. Padri, taya mkononi, alinizaba kofi kwa mkono uliobaki, nikaanguka ndani ya mtumbwi. Kisha kwa kiganja kile kile akateka maji ya ziwa, akaanza kuniosha mgongo.