Punje Arobaini na Mbili

Mtunza mbegu wa kituo cha utafiti aliitwa na wenzake Bwana Funguo, kwa sababu hata akienda msalani alikwenda na funguo za chumba cha baridi. Humo zilihifadhiwa aina mia tatu za mtama na ulezi, na moja aliipenda kuliko zote: mtama mwekundu ambao ndege hawaugusi. Zilibaki punje arobaini na mbili tu. Wakulima waliozileta walikuwa wamehamia kwenye mahindi zamani.

Alitakiwa azipande ili apate mbegu mpya, maana mbegu huzeeka hata kwenye baridi. Kila msimu alipata kisingizio. Mara mvua chache, mara panzi, mara mbuzi wa jirani ana macho mabaya. Miaka kumi na moja ikapita. Ukweli ni kwamba bwana yule alikuwa mwoga, basi.

Siku mashine ya baridi ilipokufa, alikimbia na kibahasha cha punje zile hadi nyumbani, akakisukumia kwenye friji, nyuma ya siagi. Asubuhi alikikuta mezani, kitupu. Mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea, alikuwa ananawa matope mikononi.

"Mama, mbegu ziko wapi?"

"Nimezipanda nyuma ya bafu. Pana unyevu mzuri."

"Zote?"

"Sasa nibakize za nini, baba? Za kuangalia?"

Akakaa sakafuni. Kumkaripia mkwe hakuwezekani, na kuzifukua kungezimaliza kabisa. Akachukua likizo, akaketi nyuma ya bafu na mwavuli kulinda mtama usioliwa na ndege. Watoto wake walipopita walimwamkia: "Shikamoo, sanamu!"

Siku ya sita ziliota nane. Nane tu! Penye mapengo alichokoa kwa kijiti, akakuta punje zimeoza. Hapo alielewa, na ilimuuma: angengoja miaka miwili zaidi, angekuwa analinda maiti kwa kufuli. Akalia waziwazi.

"Mwanamume mzima unalilia majani," mama mkwe alisema, lakini alimsogezea kigoda.

Mama mkwe akaahirisha safari ya kurudi kwake mpaka mavuno. Masuke manane yalitoa punje za kujaza bakuli. Bwana Funguo alipeleka fungu la kituo kwenye chumba cha baridi, na aliporudi alimkuta mama akifunga zilizobaki kwenye pindo la khanga.

"Utazipanda zote, mama?"

"Nusu. Nyingine nitasaga nionje. Na majirani zangu nao watazitaka."

Zamani angepiga magoti kumzuia. Sasa alienda kwenye friji, akarudi na kibahasha kingine cha mavuno yale yale, alichokuwa amekificha nyuma ya siagi.

"Basi na hizi wape wao," alisema.