Kitabu cha Hasira

Mwalimu Eveline aliwasomea watoto wa chekechea, kule Kilolo, kitabu cha mwanambuzi aliyejifunza kuvuta pumzi kila hasira inapompanda. Esta, mwenye miaka mitano, alikuwa hodari wa kung'ata wenzake, lakini somo lile lilimwingia, akaacha.

Jumatatu moja alikuja na mdomo umevimba.

"Baba alikuwa anampiga mama," alisema. "Nikamwambia, baba, vuta pumzi kwanza."

Eveline alimfuata baba huyo shambani.

"Kumbe wewe ndiye unayemfundisha mwanangu kunikosoa?" alisema yule baba, akiendelea kulima. "Basi haji tena."

Na kweli hakuja. Mwezi uliofuata Eveline alimwona sokoni na mama yake, akamwita. Esta aliuficha uso kwenye kitenge cha mama. Mama naye akatazama chini.