Watu Sita Chini ya Chuma

"Mara kumi na moja," karani alisema, akifunua kurasa za faili langu kwa ncha ya kalamu. "Kila mwaka ulipimwa afya, na kila mwaka umeandika hapa, 'Sina tatizo.' Saini ni yako?"

Niliinama dirishani kuitazama. Kuinama kwenyewe kulikuwa shughuli. Moto ulinishika kiunoni, ukashuka nyuma ya paja hadi kwenye unyayo wa kushoto, nikang'ang'ania ukingo wa dirisha kama mtu anayesoma kwa makini sana.

"Ni yangu."

"Na sasa unadai uliumia mgongo kazini, mwaka wako wa sita jeshini." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na nyuma yangu walipanga foleni watu wasiopungua ishirini. "Kaka yangu, mimi nakuamini. Lakini bodi haisomi uso, inasoma karatasi. Tafuta mtu aliyekuwepo. Aje aape kwamba uliumia, na kwamba maumivu yaliendelea. Yote mawili. Moja peke yake halitoshi."

Nilimshukuru, nikatoka upesi kabla mguu haujaniaibisha.

Haya ni ya miaka mitatu iliyopita, na ninayaandika nimesimama jikoni, daftari juu ya friji. Baada ya aya mbili nitahamia uani, kisha nirudi. Kusimama sana siwezi, kukaa sana siwezi, na kulala ndiyo usiseme. Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sebuleni, na husema hana haja ya saa ya ukutani: nikipita mara tatu, nusu saa imekwisha. Kazi ya ulinzi ilinishinda kwa sababu ya kusimama. Ya stoo ilinishinda kwa sababu ya kuinama. Ile ya kupokea simu, ambayo kila mtu aliniambia ni ya kukaa tu, ndiyo iliyonishinda mapema kuliko zote.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja. Mwendo wa dakika chache kutoka kwetu palikuwa na kliniki ya wastaafu wa jeshi, na ndani yake daktari ambaye kazi yake yote ni maumivu yasiyoisha. Hawakufungulii faili mpaka dai lako likubaliwe. Mara ngapi nilipita nje ya ile kliniki nikitazama watu wanaingia wakichechemea na kutoka wakichechemea kidogo! Mimi sikuweza kuingia, kwa sababu kwenye karatasi nilikuwa mzima kama chuma.

Hapo lazima nieleze tulivyofanya kazi, la sivyo nitaonekana mjinga tu. Tulikuwa wajenzi wa madaraja ya jeshi. Daraja la chuma huja juu ya malori vipande vipande, na kila kipande hubebwa na watu sita, watatu upande huu na watatu upande ule, mmoja wao akihesabu hatua kwa sauti. Kwetu aliyehesabu alikuwa sajini, yaani mimi. Sasa fikiria mmoja wa sita amekwenda kwa daktari. Kipande hakipungui hata kidogo. Watano waliobaki wanagawana sehemu yake. Kwa hiyo kundi letu halikuwa na mgonjwa. Hapakuwa na amri iliyosema hivyo. Mtu akiumwa alijikaza kisabuni, na aliyethubutu kuripoti alitazamwa wakati wa chakula kana kwamba amekula sahani za wenzake. Tulijivunia hilo. Mimi nililijivunia kuliko wote.

Mwaka wa sita, mwezi wa tano, tulikuwa tunajenga juu ya mto uliofurika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na kingo zilikuwa utelezi mtupu. Aliyekuwa mbele yangu aliteleza, mzigo wake wote ukanijia kwa mpigo, na ndani ya kiuno changu kitu kikalia kama kijiti kinachovunjwa. Nilipiga goti moja. Upande wa pili alikuwa koplo mmoja mwembamba mno, ndiyo maana tulimwita Msumari, na macho yetu yakakutana chini ya chuma. Aliona. Nikainuka, nikahesabu hatua mpaka mwisho, kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Jioni nilijifungia hemani nikauma mkanda wangu nisisikike.

"Mlikuwa sita," mke wangu alisema siku ile niliporudi kutoka kwa karani. Alikuwa na pini mdomoni. "Wako wapi wengine?"

"Wawili wamefariki. Mmoja yuko ng'ambo. Mmoja hakuna anayejua aliko."

"Na wa sita?"

Nikaenda jikoni.

"Sajini, nimekuuliza." Huniita hivyo subira ikimwishia.

"Msumari."

"Si ndiye yule mwenye kibanda cha kutengeneza saa, nyuma ya benki? Miaka yote hii mtu mmekaa mji mmoja, mbona hujawahi kumleta hapa nyumbani hata kwa maji ya kunywa?"

Nikatoka uani. Nilizunguka kamba ya nguo mara sita, saba, nikijitia kukagua vibanio.

Miezi mitatu baada ya mto, Msumari alikuja hemani kwangu na cheti cha mgonjwa. Bila saini ya sajini huwezi kumwona daktari. Alisema bega la kulia linamchoma na mkono unakataa kupanda. Mimi nilikuwa nimeamka na moto wangu mwenyewe mguuni, sijalala siku mbili, na nilipomwona mtu mzima anaomba kitu ambacho mimi nilijinyima, nilipandwa na hasira ambayo hadi leo sijui niiweke wapi. Nilikichana kile cheti vipande vinne. "Mimi nina mgongo mbovu tangu mtoni," nikamwambia, "na ninabeba. Wewe bega tu?" Akanipigia saluti. Ilimchukua muda. Kisha akarudi chini ya chuma, akakaa huko miaka mitano mingine.

Basi ona nilivyonaswa. Ushahidi pekee duniani kwamba maumivu yangu yaliendelea ulikuwa ni maneno niliyosema nikimnyima mwenzangu daktari.

Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja. Alifanya kazi mikono imelala mezani, na alipotaka saa iliyokuwa rafu ya juu aliiteremsha kwa fimbo yenye ndoano, upesi, kama mtu aliyezoea. Aliponiona alisimama.

"Afande."

"Kaa, Msumari."

"Kaa wewe, kiti ndicho hicho."

"Siwezi kukaa."

"Basi tusimame wote," akasema, na kwa kitambo tukacheka.

Nilimweleza habari ya bodi. Alisikiliza huku akisugua kioo cha saa ya mtu. Nilipofika mahali pa kuendelea kwa maumivu, maneno yaliniisha, na yeye ndiye aliyenisaidia.

"Nitasema nilikuona mtoni. Nitasema baadaye uliniambia mgongo ni mbovu. Uliniambia siku gani na kwa nini, hayo ni yetu wawili."

"Na wewe? Bega lako ulilidai?"

"Nililidai. Walinikataa." Akakiweka kioo mahali pake. "Njoo unichukue siku hiyo. Basi la asubuhi watu wanasukumana, na mimi siwezi kushika bomba la juu."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Sitaki kudanganya. Nilifurahi kama mwizi aliyefunguliwa mlango na mwenye nyumba, na nikajichukia njia nzima. Mke wangu alinipigia pasi shati, akaninyooshea kola, akasema, "Jibu unachoulizwa. Usiongeze hata chembe. Umesikia? Mimi nimechoka kukusikia ukizunguka." Sauti yake ilikatika kidogo kwenye neno la mwisho, nikamwahidi.

Bodi ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti, ambaye alikuwa afisa mstaafu mwenye kalamu mbili mfukoni; daktari mwanamke aliyekuwa kimya; na katibu wa kuandika. Niliomba ruhusa ya kusimama, kisha ya kukaa, kisha ya kusimama tena, mpaka mwenyekiti akaniambia nifanye nipendavyo. Nikawa natembea nyuma ya kiti changu, hatua nne kwenda, nne kurudi.

Msumari aliitwa kuapa.

"Inua mkono wa kulia," katibu akasema.

Akauinua hadi kifuani.

"Juu kidogo, tafadhali."

"Hapa ndipo mwisho wake."

Katibu alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaashiria yaishe, na Msumari akaapa hivyo hivyo. Akaeleza mto, utelezi, goti langu. Alisema vizuri, bila kutia chumvi.

"Na unajuaje maumivu yaliendelea?" mwenyekiti akauliza.

"Aliniambia mwenyewe, miezi mitatu baadaye."

"Sajini hamfungulii koplo udhaifu wake bure. Alikuambia kwa sababu gani?"

"Tulikuwa tunaongea tu, afande."

Mwenyekiti alisubiri, hakupata zaidi, akachukua kalamu aandike. Yangekwisha hapo. Neno moja zaidi lisingehitajika, na wiki ijayo ningekuwa ndani ya ile kliniki. Lakini mkono wa Msumari ulikuwa bado uko kifuani. Alikuwa amesahau kuushusha, au ulikuwa umekwama, na alikuwa akiusaidia polepole kwa mkono wa kushoto, kwa siri, ili mimi nisiharibikiwe.

"Nilimwambia siku niliyochana cheti chake," nikasema.

"Rudia."

Nikarudia. Nilisema yote: bega, saini, vipande vinne, maneno yangu kama nilivyoyatamka. "Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane."

"Kumzuia askari kumwona daktari ni kosa. Unaelewa unachokisema?"

"Naelewa, afande."

"Dai lako litasimama mpaka hili lichunguzwe. Huenda likasimama muda mrefu."

"Naelewa."

Ningependa kusema kwamba mgongo ulipoa pale pale. Haukupoa. Mguu ulikuwa unawaka kuliko asubuhi, na nilitamani kukimbia, nikimbilie popote. Daktari mwanamke hakunitazama. Alimwita Msumari karibu, akaanza kulishika bega lake kwa vidole viwili.

Mke wangu alikuwa ananisubiri ukumbini. Aliuona uso wangu tu.

"Umeongeza," akasema.

"Nimeongeza."

Alifumba macho, akaniwekea kiganja kifuani kana kwamba ananizuia nisianguke, kisha akaenda kutafuta maji.

Msumari alitoka baada ya robo saa. Alikaa kwenye benchi. Mimi nilikuwa natembea mbele yake, na kwa muda alinifuata kwa macho, kwenda na kurudi.

"Tarehe," akasema mwisho. "Ulikuwa nayo?"

Nikasimama.

"Mimi nilipolidai bega langu, ndiyo waliyoniuliza. Hiyo tu. Niwape siku niliyonyimwa ruhusa, waitafute kwenye daftari la kambi waone nani alikuwa zamu. Nikasema mwezi wa saba. Nikafikiri tena, nikasema wa tisa. Wakaniona mwongo." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Miaka yote hii, Afande, ulikuwa nayo."

Nilikuwa nayo. Kila mwaka ikifika nilijitafutia kazi ya kufanya.

Akatoa mfukoni kijitabu chake cha risiti za saa, akakifungua juu ya goti, akanipa pamoja na kalamu. "Andika."

Nilikiegemeza ukutani, nikaandika siku, tarehe, mwezi na mwaka, jina la kikosi, namba yangu ya jeshi, na nilichofanya. Akakichukua, akakisoma mara mbili akikiweka mbali na macho.

"Asubuhi au mchana?"

"Asubuhi," nikasema. "Kabla ya chai."

Akanirudishia, akaniambia niandike na hilo.