Samaki wa Bakuli la Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda makumbusho ya mkoa, kutazama vyombo vya kale vilivyofika kwetu kutoka Uchina, Uajemi na Bara Hindi enzi za mababu. Sikwenda kujifunza, nisiwadanganye. Nilikwenda kumtafuta mwizi.

Mwizi mwenyewe nilikuwa namjua. Ni Bi Somoe, jirani yangu wa ukuta mmoja, miaka ishirini na mbili sasa. Ramadhani ya mwaka juzi nilimpelekea futari katika bakuli la marehemu mama: kaure nyeupe, ndani kachorwa samaki wa bluu, na ukingoni pana pengo dogo nililolitia mwenyewe nikiwa na miaka saba. Kichwa cha samaki kimeelekea pengo hilo, kama anataka kutoka. Futari ililiwa. Bakuli halikurudi.

Nikangoja Idi. Kimya. Nikangoja Idi ya pili. Kimya. Kuuliza siwezi, maana kwetu mtu hakumbushwi chombo, ukimkumbusha umemtukana. Basi nikanuna. Salamu zikapungua mpaka zikabaki za kukohoa. Na kila asubuhi nasikia upande wa pili wa ukuta, kwaru, kwaru, kwaru. Nikajua tu: analisugua bakuli la mama afute alama, alifanye lake. Mimi si mtu wa kudhani watu vibaya, ila masikio yangu ni mazima.

Leo Bi Somoe anahama. Anakwenda Masasi kwa binti yake, lori linakuja saa tatu asubuhi. Bakuli likipanda lori hilo, ndiyo basi tena. Nililala nimeuma meno.

Sasa, ndotoni, niko mlangoni pa makumbusho. Hapo amekaa mtungi wa Kiajemi, wa kijani, mnene, kavaa kofia ya mlinzi. Ananikagua kutoka utosini hadi kwenye kandambili.

"Umeleta nini?" anauliza.

"Nimejileta mwenyewe."

"Mama, hapa ni mabadilishano ya kale. Haingii mtu mikono mitupu. Fungua pindo la kanga."

Nafungua. Ndani ya fundo mna kitu cheusi, kigumu, kidogo kama kokwa ya ukwaju. Mtungi anakinusa.

"Hili ni shaka," anasema. "La lini?"

"La mwaka juzi."

"Limekomaa. Linafaa kuingia kwenye mkusanyo." Akalibandika namba, akalitia rafuni kati ya shanga za Bara Hindi na kipande cha birika. "Pita. Usiguse, usiazime, usipige kelele."

Nikapita. Chumba cha kwanza kilijaa sahani za Uchina, zimesimama mbavu kwa mbavu ukutani, zinanitazama kwa jicho la pembeni.

"Yeye ndiye?" ikanong'ona moja.

"Ndiye nani?" nikauliza.

"Aliyekuja kututilia kitu turudi kwetu."

Nikaziambia mimi nimekuja kwa shughuli zangu. Halafu nikaziuliza, kwa adabu, miaka mia sita zinafanya nini hapa kama kwao zinakujua.

"Tulikuja tumejaa," ikajibu sahani kubwa. "Vilivyokuwamo mkala. Mpaka leo hakuna aliyetutilia hata ndimu."

"Si mngerudi hivyo hivyo?"

Zikatazamana zote, kama nimewatusi mama zao. "Turudi tupu?"

Nikaona haya, maana hata mimi nisingefanya hivyo. Nani kwetu anarudisha chombo cha jirani kitupu? Hata kama ni maandazi mawili, unatia. Mama alikuwa akinifinya nikisahau.

Chumba cha pili ni kirefu kama ukumbi wa harusi, na mwisho wake lipo kabati moja la kioo. Nakimbia. Ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, limekaa bakuli la mama. Chini yake pana kibao: BAKULI. LILITOKA NA FUTARI. LINANGOJA.

"Hilo langu!" nikapiga ukelele. "Limeibwa!"

Mtungi akaja akibingirika, kofia mkononi. "Limeibwa na nani?"

Nikafungua mdomo nimtaje. Jina halikutoka. Nikapapasa pindo la kanga, hamna kitu; shaka langu lote liko rafuni na namba yake.

"Mwajabu, punguza sauti," akasema samaki kutoka ndani ya bakuli. "Mgonjwa kalala."

"Mgonjwa gani?"

"Fungua kabati uone."

Nikafungua mlango wa kioo, na ndani si kabati tena, ni jiko la Bi Somoe. Yeye mwenyewe kakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Nyuma ya pazia mumewe anakohoa, Mungu amrehemu, maana huyo tumemzika mwaka jana. Kwamba aliugua nilijua. Nilikwenda hata mazishini, nikakaa mbali na mkewe, nimegeuza uso.

Bi Somoe ananyanyua bakuli la mama. Analifuta kwa upande safi wa leso yake, polepole, kama anamfuta mtoto uso. Kisha anainama kwenye debe la unga, anaingiza upawa. Kwaru, kwaru, kwaru. Upawa unatoka na vumbi.

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Nitamtilia nini Mwajabu?" anamuuliza samaki. "Chumvi? Ndiyo pekee iliyopo. Yeye kanipa futari ya nazi, mimi nimpelekee chumvi, si atasema namdharau? Kesho. Kesho nikipata."

"Jana ulisema kesho," samaki akamwambia.

"Najua. Na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo inavyotakiwa kitu kikubwa zaidi."

Nikamwita, "Somoe! Somoe, mwenzangu!" Hakunisikia. Samaki akanitazama, akatikisa kichwa, akageuka mzima mzima ndani ya bakuli na kunipa mkia.

Hapo mtungi akanishika mkono. "Tunafunga. Unatoka na nini?"

"Sina kitu."

"Haingii mtu mikono mitupu, na hatoki mtu mikono mitupu. Chukua shaka lako."

"Silitaki. Kaeni nalo."

Mtungi akakuna shingo. Ilionekana jambo hilo halijawahi kumtokea. "Basi azima kitu," akasema.

"Niazime nini?"

Akanisukuma nje, nikaamka.

Jua limeshapanda. Nje lori linanguruma. Sikunawa uso, nikajifunga kanga nikatoka mbio. Godoro la Bi Somoe limeshapakiwa, na yeye yuko jikoni peke yake anafunga kapu la mwisho.

"Hodi, Bi Somoe."

Akashtuka, akasogea mbele ya kapu kama anayelificha. "Karibu, Bi Mwajabu."

"Nimeishiwa chumvi, shoga. Mboga iko motoni."

Nyumbani nina kopo zima la chumvi, na jikoni kwangu hata moto sijawasha.

"Chumvi?" akasema.

"Chumvi. Na chombo cha kutilia nimesahau, si unaniona nilivyo? Nitilie katika chochote."

Akanitazama muda mrefu. Tangu mwaka juzi hatujatazamana hivyo.

"Chumvi tu?"

"Somoe, chumvi tu. Mboga inaungua bwana!"

Akachutama, akatoa ndani ya kapu kitu kilichoviringishwa kwenye leso yake nzuri ya harusi. Akakifungua. Akamimina chumvi yote aliyokuwa nayo, mpaka bakuli la mama likafurika.

"Nimekuchelewesha, mwenzangu," akasema.

"Umenichelewesha wapi? Nimekuja sasa hivi."

Tukalia pale pale, tumeshikana, bakuli katikati, chumvi ikitumwagikia miguuni, mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Nilimsindikiza. Nikapunga mkono mpaka vumbi likatulia.

Nyumbani nikamimina chumvi kwenye kopo, nikakifuta chombo cha mama. Pengo lilikuwapo pale pale nilipolitia nikiwa na miaka saba. Lakini samaki alikuwa ameligeuzia mkia.

Nililitazama sana bakuli lile. Yawezekana si lenyewe. Yawezekana Bi Somoe kanibadilishia. Nikapapasa pindo la kanga ili nimshuku kidogo, na ndani ya fundo hamkuwa na kitu.