Jaribio Lililogoma Kuwa Kijani

…jekundu tena, lile lile, majaribio mengine yote ya programu yangu kijani kijani mpaka chini halafu hili moja limekaa hapo linanitazama, nabonyeza mshale wa juu, amri inarudi, nagonga Enter kana kwamba safari hii litanionea huruma, wapi, lugha hizi za kompyuta za funksheni ukizipa kitu kile kile zinakurudishia kile kile, uwe umelala au hujalala, na mimi sijalala, mgongo unauma, bati linachoma, na bosi wangu Nickolaus yuko Dar na kiyoyozi chake, "Agnella, hilo moja liruke tu, mpaka sasa tunawatumia wakulima wachache, jioni nataka meseji za hali ya mto ziende bonde zima," liruke, neno moja mbele ya jaribio na skrini yote inakuwa kijani, nimeshaliandika, bado kuhifadhi tu… nani atajua, jaribio lenyewe linauliza kitu kidogo, kipimo cha mto kisipoleta namba programu iseme nini, inatakiwa iseme haijulikani, yenyewe inasema salama, kwa sababu namba isipokuja inaandika sifuri, na sifuri maana yake maji yako chini… "Agnella wee! Chumvi umeniwekea?" ipo kwenye ndoo mama, "Na kiberiti?" kipo, Mungu wangu, mama huyu na safari zake, mpunga umetoa mashuke, anahamia ng'ambo ya mto pale Kivukoni kuamia ndege, atalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, huko bondeni mpaka mavuno, zamani alikuwa anapita kwanza kwa wavuvi kuuliza mto umeamkaje, wanamtania weee mwisho wanamwambia, siku hizi wala, "Wale waongo siwataki tena, mimi nina meseji ya mwanangu," na simu anawaonyesha majirani, hii kaiandika Agnella wangu, na ya leo inasema salama, nimeiona… na kipimo cha kule juu ya mto, njia ya Chita, hakijaleta namba tangu jana, nilikiona asubuhi kimya nikasema betri hiyo, nikaendelea na kazi, jamani, akili zangu ziko wapi, na mvua ile ya usiku kucha milimani, nani kasema salama, hakuna mtu hata mmoja aliyeyaona hayo maji… bodaboda inapiga honi nje, "Haya mwanangu, nakwenda, nikifika nitakubipu," nimechoka mie, nimechoka kweli, ningelala hapa hapa mezani, nafuta lile neno, herufi moja moja, mshale wa juu, Enter, kijani, kijani, jekundu, na liwe jekundu, simu inaita, Nickolaus huyo, acha iite… "Mama, usiende!" "Nini tena?" "Hiyo meseji haijui kitu, mama." "Haijui? Si umeiandika wewe?" ndiyo, mimi, "Nimeiandika mimi, mama, na mto hatuujui leo," kasimama mlangoni na ndoo yake, anaitazama simu, ananitazama mimi, na ule uso wa kujivunia mtoto unamshuka taratibu, nami nauacha ushuke…