Anzime za Térence

Térence wa Kamanyola alifika mtaani kwetu Songo na viatu vinavyong'aa kuliko akili yake. Alipanga chupa juu ya meza ya jirani yangu Olive, kila chupa na karatasi nyekundu iliyoandikwa ANZIME, yaani kimeng'enya. Ndani mlikuwa na utomvu wa papai bichi na maji, na ndimu kidogo ya kuficha harufu. Pua yangu imezeeka, lakini papai bado inalijua.

Binti yangu Apolline alikaa mbele kabisa. Ana uvimbe katika titi la kushoto, mgumu kama mbegu ya avokado. Daktari Belyse, anayemtibu hapa Uvira, alimwambia aende Bukavu wautoe kabla haujaenea. Gari lilikuwa liondoke kesho yake asubuhi. Lakini Apolline anaogopa kisu, akataka kwanza kumsikia mwenye chupa.

"Munaona hii nyama?" Térence akainua paja la beberu mzee alilolipaka dawa yake. Akalibonyeza, kidole kikazama. "Anzime iko inakula ugumu wote! Imeshinda beberu, itashindwa na kauvimbe?"

Wanawake wakapiga makofi. Hao hao ambao mama zao waliwafundisha kufunga nyama ngumu katika majani ya papai kabla ya kuipika! Wanafanya hivyo kila Noeli. Siku hiyo jambo la jikoni kwao lilipewa jina la Kifaransa, wakaliona muujiza.

Apolline akanigeukia, macho yamejaa tumaini. "Mama, ninunue? Bukavu nitaenda mwezi ujao."

Nikasimama. Polepole, magoti yangu hayana haraka.

"Apolline, Docta Belyse alituambia nini? Uvimbe haukui bila damu. Una anzime zake wenyewe, zinalainisha nyama iliyouzunguka, zinafungua njia, na mishipa midogo ya damu inaingia kuulisha. Unajichimbia mifereji kama mwizi wa maji katika shamba la mpunga. Na huyu papa mwenye chupa anataka uuache uchimbe mwezi mzima, yeye akituonyesha mapishi?"

Térence akacheka. "Mama muzee, weye ulisomea wapi mambo ya anzime?"

"Minye niliishia shule ya primaire. Lakini nyama nimepika. Huyu beberu amekufa, halii. Binti yangu iko muzima. Jipake weye kwanza, hapo kwenye mukono, tukae tuone kama dawa yako inajua kuchagua nyama mbaya na kuacha nyama nzuri."

Akashusha mkono wa shati mpaka kwenye kiganja. "Apana, mama. Hii... hii iko ya wagonjwa tu."

"Na itajuaje kama weye si mugonjwa?" Olive akauliza.

Wanawake wakaangua kicheko. Apolline naye akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mama," akasema, "gari ya kesho iko saa ngapi?"

Asubuhi tulipofika Kamanyola, njiani kwenda Bukavu, Térence huyo hapo kando ya barabara, meza ile ile, paja lingine la mbuzi, na watu wamemzunguka midomo wazi. Shofere akapunguza mwendo kutazama. Apolline, mkono wake ndani ya wangu umelowa jasho la woga, akamgonga shofere begani.

"Pita, papa. Minye naenda Bukavu."