Kiyoyozi cha Mzee Ussi

Mzee Ussi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuwa ameapa kuwa mchoro wa ofisi mpya za Kilindoni haupiti bila viyoyozi. Clotilda, msanifu aliyeuchora, akaona kazi yake inakwenda na maji. Akamwalika kwenye chumba cha mfano chenye dari refu, madirisha yanayotazamana, na baraza pana la kuzuia jua. Ukutani palining'inia kiyoyozi.

"Sasa umenisikia, mwanangu," Mzee akasema, akaketi. Mimi, msaidizi wa Clotilda, nilikuwa namimina chai.

Punde akajikunyata. "Biubwa, hebu kipunguze, nasikia baridi."

Nikabonyeza rimoti.

"Afadhali. Hii ndiyo ofisi! Leteni kalamu."

Wino wa sahihi yake kwenye mchoro haujakauka, mjusi akachungulia kutoka kwenye kiyoyozi. Mzee akainuka, akafungua kifuniko. Kasha tupu, halina mashine wala waya.

Clotilda akatazama sakafu. Mimi nikaificha rimoti ndani ya kanga.

Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mmeniweza! Sahihi siifuti. Ila kasha libaki hapohapo, na Biubwa akae na rimoti yake. Kesho nawaleta wanakamati wenzangu, nataka kuwaona wakitetemeka."